Simu Isiyopekuliwa

Risasi ya kwanza ilitoboa tangi la maji juu ya paa, na maji yakaanza kuchuruzika ukutani kama nyumba imejikojolea. Nilikuwa tanurini nabandika mikate, alasiri kweupe. Magari yalikuwa yamejipanga barabarani mbele ya nyumba ya mdogo wangu Chasib, na vijana waliojifunga vitambaa usoni walisimama nyuma ya magari hayo wakimimina risasi bila haraka, kama watu walioajiriwa. Nilijitupa chini nyuma ya tanuri. Nyati wetu wa maziwa alipigwa shingoni palepale uani, akazunguka, akapiga magoti, akaliangukia beseni la unga. Vioo vya jikoni vikapasuka, kisha nikamsikia wifi yangu Naima akilia kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo hata alipokuwa akijifungua.

Kwetu huku chini ya mji wa Amara, kando ya mto Tigris, ukoo ukiwa na dai nawe hauanzi kwa salamu. Unakuja kwanza kuipiga nyumba yako, halafu unangoja wazee wako waje kuuliza sababu. Wanaume wanaliita jambo hilo onyo. Onyo lile liliingia paja la Naima upande mmoja likatokea upande wa pili, na mfupa likaenda nao.

Magari yalipoondoka, ukuta wa lango ulikuwa na maandishi ya rangi nyekundu. Mimi sijui kusoma. Aliyenisomea ni Tabarak, binti wa Chasib, tulipokuwa tunampakia mama yake kwenye gari la jirani kumpeleka hospitali. Mikono yake ilikuwa na damu mpaka viwikoni.

"Imeandikwa nyumba hii inadaiwa na Bani Rukhaim," alisema.

"Inadaiwa nini?"

"Haijaandikwa, shangazi."

Chasib alitoka na bunduki yake wakati vumbi la watu wale limeshatulia, akapiga hewani risasi chache za kujifariji. Nilidhani atapanda gari amfuate mkewe. Nilidhani atauliza Bani Rukhaim wana dai gani na sisi. Hakufanya hili wala lile. Alimgeukia binti yake, akavua agali, ile kamba nyeusi nzito ya kichwani, akaikunja mara mbili.

"Umeongea na nani?"

"Sijaongea na mtu, baba."

"Umemtumia nani picha?"

Akampiga shingoni. Akampiga mgongoni, na msichana alipoinua mikono kujikinga, akaipiga mikono. Tabarak ana miaka kumi na tisa, anasoma chuo cha ualimu, na hakukimbia. Alisimama akipigwa, damu ya mama yake ikimkaukia, na kila baada ya pigo alirudia neno lilelile: "Simu yangu unaipekua wewe mwenyewe, baba. Ipekue." Nilipoingia katikati, nilikula moja ya sikio nikaona giza.

"Mpumbavu wewe," nilimwambia Chasib. "Mkeo anakwenda kukatwa mguu, na wewe unampiga aliyemfunga jeraha."

"Ukoo mzima hauji na bunduki bure, dada. Hapa pana msichana."

Hilo ndilo alilokuwa nalo kichwani, na si yeye peke yake. Wanaume wetu wote wanaamini heshima ya nyumba imefichwa kwenye nywele za binti, basi macho yao yote yako hapo. Tangu Tabarak aanze chuo, kila jioni baada ya Magharibi alisimama mbele ya baba yake pale zuliani, kichwa wazi kama msichana yeyote aliye nyumbani kwao, akamkabidhi simu. Chasib alifungua kila kitu. Ujumbe, picha, majina. "Huyu Mama Zainabu ni nani?" "Ni mwalimu wetu, baba." "Mbona anakuandikia usiku?" Msichana anajibu, anangoja, anarudishiwa simu, anaondoka. Sijawahi kusikia kosa lake hata moja.

Muntadhar, mdogo wake Tabarak kwa miaka sita, alikuwa na simu ya kioo kikubwa aliyonunuliwa na baba yake kwa kuwa tu alifaulu darasa. Ile hakuna aliyeigusa. Alijifungia nayo chumba cha wageni kila akitoka shule, akicheza mchezo wa vita na wavulana wa mbali na wa karibu, na kupitia mlangoni tulisikia anamtukana mtu mama yake, mtu dada yake, mtu kaburi la babu yake. Naima akimlalamikia mumewe, Chasib alicheka. "Liache dume langu lijifunze vita," alisema. Nami nilipomwambia aipekue na ile, alinitazama kana kwamba nimemtusi. "Mwanamume hapekuliwi, dada. Ukimpekua unamfanya mwanamke." Mchelea mwana kulia hulia yeye, ndivyo tunavyosema. Chasib alimchelea mmoja akamliza mwingine.

Siku ile ya risasi nilimkuta Muntadhar chini ya ngazi. Mama yake alikuwa ameshapelekwa, dada yake alikuwa ananawa damu, na yeye amejikunja pale, simu kifuani, vidole vinakimbia juu ya kioo. Hakuniona nikija. Nilimnyang'anya.

"Nirudishie, shangazi. Nirudishie, hujui kuitumia."

"Kweli sijui," nilisema. "Ndiyo maana itakuwa salama kwangu."

Nikaitia kifuani mwangu, na hapo haikutoka.

Kesho yake asubuhi alikuja Sayid Talib, mzee ambaye koo zote za pande zetu humtuma kusuluhisha. Alikaa, akawekewa chai, hakuigusa. Alimwambia Chasib kwamba mwanawe ameweka hadharani picha ya Shahad, binti wa Mizhir wa Bani Rukhaim. Picha ya harusini, ya upande wa wanawake, kichwa wazi, na chini yake maneno ambayo Sayid alikataa kuyatamka. Ilikuwa imezunguka mkoa mzima ndani ya siku moja. Mchumba wa Shahad amevunja uchumba. Kaka mkubwa wa Shahad, Karrar, ndiye aliyeleta magari.

"Na Shahad mwenyewe?" niliuliza kutoka mlangoni.

"Yu hai," alisema Sayid.

Nilimtazama Chasib. Wallahi uso wake ulitulia. "Alhamdulillahi," alisema, "nilidhani ni Tabarak." Msichana alikuwa amesimama nyuma yangu na shingo iliyovimba, anasikia. Nilitaka kumwaga ile chai ya Sayid kichwani kwa mdogo wangu. Kisha akamwita Muntadhar, akamzaba kofi moja, akamwambia, "Mjinga wewe, huoni kazi uliyotupa?" Ikaisha hapo. Mmoja agali mpaka ngozi inachanika, mwingine kofi la kumfukuzia inzi.

Sayid aliwafanya wakubali kusitisha bunduki kwa muda, na wazee wakaanza kwenda na kurudi. Walirudi na dai. Bani Rukhaim hawakutaka mali. Walisema Shahad hataolewa tena na mtu wa maana, na aibu ya msichana hailipwi ila kwa msichana. Wanamtaka Tabarak, aolewe na Karrar, bila mahari, bila sherehe, aende kama fidia. Jeraha la Naima lilipimwa na wazee wakaona paja la mwanamke ni jepesi kuliko jina la mwanamke. Sijui walipimia wapi.

Hapa lazima niseme mimi ni nani. Chasib alipokuwa kijana alimpiga mtu jembe la kichwa kwa sababu ya zamu ya maji ya shamba, yule mtu akafa, na aliyekwenda kulipa ni mimi. Nilipelekwa kwa ndugu wa marehemu. Nilikaa kule mpaka mume akafa, nikarudi bila mtoto na bila meno ya upande huu. Kwa hiyo waliposema fidia, mimi sikuhitaji kuelezwa.

Nilimkuta Chasib uani akikagua matundu ya ukutani.

"Utakataa," nilimwambia.

"Nikikataa watamuua Muntadhar. Nina mwana mmoja tu, dada."

"Na binti una wangapi?"

"Binti ataolewa popote. Karrar ni kijana mzuri, ana kazi."

"Karrar ndiye aliyempiga mama yake risasi."

"Sheria yetu inasema baba hujibu kwa kosa la mtoto," alisema. "Najibu."

"Jibu basi kwa mwili wako. Wewe ndiye uliyempa simu, wewe ndiye uliyemwacha nayo. Mbona unajibu kwa mwili wa Tabarak?"

"Wewe ulikwenda, na ukarudi," alisema, na akaingia ndani.

Niliondoka nikaenda kwa binti yake.

Tabarak alikuwa chumbani akipaka mafuta michubuko. Nilikaa nyuma yake nikamsaidia mgongo, maana pale hawezi kufika. Alama za agali zilikuwa zimepishana kama majani ya mkeka.

"Shangazi, siku ya kwanza kule ilikuwaje?"

"Mama wa marehemu alinivua viatu akavitupa mtoni. Akasema mtu wa fidia hana pa kwenda."

"Walikupiga?"

"Walipokumbuka. Na walikumbuka sana."

Kisha akanyoosha mkono. "Nipe simu ya Muntadhar."

Alijua mchoro wa kuifungulia, alimwona nduguye akiuchora mara nyingi. Alisoma akiwa amenipa mgongo. Sikuona uso wake, niliona tu mabega. Kuna mahali mabega yalisimama, yakakaa vile, na sikusikia hata pumzi. Kisha akaizima, akanirudishia.

"Kuna nini humo?"

"Siku ya kikao hakikisha inasomwa mbele ya wote. Baba aisome mwenyewe, kwa sauti, tangu mwanzo. Na usiwaache wakaikatiza katikati, shangazi. Isomwe mpaka mwisho."

"Niambie kwanza kuna nini."

"Nikikuambia hutataka isomwe."

Kikao kilifanyika katika mudhif wa Sayid Talib, ule ukumbi mrefu wa matete kando ya mfereji. Bunduki ziliachwa mlangoni zimeegemezana. Watu wetu, Albu Hawil, walikaa upande mmoja, Bani Rukhaim upande wa pili, na katikati kwenye makaa palikuwa na madele ya kahawa, na kando yake kinu cha shaba na mchi wake. Wanawake hatuingii. Nilikaa nyuma ya ukuta wa matete pamoja na wapishi, jicho kwenye upenyo.

Mizhir, baba yake Shahad, alikuwa mtu mpana, mwenye ndevu nyeupe na macho mekundu. Kahawa ilipowekwa mbele yake hakuishika. Kwetu mgeni mwenye dai hanywi mpaka akubaliwe. Kushoto kwake alikaa Karrar, akichezea ncha ya ndevu zake changa. Nyuma ya Mizhir alikaa mwanawe mdogo, Hammudi, kijana wa rika la Muntadhar, aliyeletwa kushuhudia kwamba Muntadhar aliiba ile picha. Muntadhar wetu alikuwa amepiga magoti mbele ya makaa, kichwa chini, kama kondoo wa sikukuu.

Sayid alisoma Fatiha, akaongea maneno mazuri, kisha akauliza dai. Mizhir akalisema. Sayid akamgeukia Chasib.

"Baba Muntadhar, umesikia. Unasemaje?"

Chasib alikohoa. "Mmepewa," alisema.

Niliinuka. Mpishi alinishika baibui, likabaki mkononi mwake. Nilizunguka, nikapita kati ya zile bunduki, nikaingia ukumbini, na nilipofika katikati nikavua kitambaa cha kichwa changu nikakitupa chini mbele ya Mizhir. Nywele zangu ni nyeupe na chache. Wanaume wote waliinamisha macho.

Desturi hii ni ya zamani kuliko serikali zote tulizozika. Mwanamke mzee akitupa kitambaa chake baina ya wanaume, bunduki hushuka na ombi lake hupewa, na anayekataa hadharauliwi yeye tu, hudharauliwa mpaka wajukuu. Nilijua itawauma. Nilitaka iwaume.

"Funika kichwa, mama," alisema Mizhir, macho chini. "Unataka nini? Kama ni msichana, hilo sitakupa."

"Msichana siombi. Nataka simu hii isomwe." Niliitoa kifuani. "Aisome baba wa mtoto, kwa sauti, tangu mwanzo mpaka mwisho. Ikiisha, mkimtaka bado Tabarak, nitamleta mimi mwenyewe kwa mkono wangu."

"Dada, toka nje," alisema Chasib.

"Nitatoka ukisoma."

"Nisome uchafu mbele ya watu wazima?"

"Uchafu uliulea miaka miwili chumba cha wageni, leo unaona kinyaa?"

Mtu mmoja upande wa Bani Rukhaim alicheka puani, akajizuia. Mizhir alisema, "Ombi limepewa. Asome." Aliokota kitambaa changu kwa ncha za vidole, akaninyooshea bila kunitazama. Nilijifunika, nikaketi karibu na makaa, na hakuna aliyenitoa.

Muntadhar aliambiwa aifungue. Vidole vyake viliteleza mara kadhaa. Alipompa baba yake alisema kwa sauti ya chini sana, "Baba, usisome. Naomba usisome." Chasib alimsukuma kwa goti.

Akaanza. Mwanzo ilikuwa matusi tu, ya wavulana katika grupu lao la mchezo. Chasib aliyasoma kwa sauti kavu, na kila tusi la mama lilipotoka mdomoni mwake mbele ya Sayid, masikio yake yalizidi kuiva. Wanaume walijikohoza. Niliona wazee wawili watatu wakiwatafuta kwa macho wana wao waliokuwa wanagawa maji, na wana wale walikuwa ghafla na kazi nyingi nje.

Kisha yakaja ya dau. Wavulana wale walikuwa wamechoka kushindania mchezo mtupu. Mmoja alipendekeza, wenzake wakakubali: atakayeshindwa aweke kwenye grupu picha ya dada yake, kichwa wazi.

Chasib alisita. "Endelea," nilisema.

"Hammudi ameandika," alisoma Chasib, na sasa aliinua macho kumtazama Mizhir. "Ameandika: 'Nimeshindwa, haya. Huyu Shahad, harusini kwa binamu. Msimwonyeshe mtu, baba ataniua.'"

Ukumbi mzima uligeuka. Mizhir hakugeuka mara moja. Alikaa akitazama makaa, mdomo umefunguka, na nyuma yake Hammudi alianza kurudi kinyumenyume kwa makalio. Karrar ndiye aliyemfikia kwanza. Alimshika nguo kifuani, akampiga ngumi ya pua, nikasikia pua ikivunjika. Akampiga tena ya mdomo, na tena, kijana ameshalegea na bado anapigwa, damu imeruka mpaka kwenye kanzu nyeupe ya Sayid. Watu wanne waliomvuta Karrar waliburutwa naye.

"Ulisema kaiiba," Karrar alikuwa anasema, si kwa kelele, karibu kwa kubembeleza. "Ulisema kaiiba, wewe. Mimi nimempiga mwanamke wa watu risasi kwa ajili yako."

Mizhir alisimama. Nilidhani atamalizia kazi. Alimtazama mwanawe sakafuni, kisha akakaa tena. "Soma," alimwambia Chasib.

"Inatosha," alisema Chasib. Sauti yake ilikuwa imepata nguvu. "Tumeona kosa ni la nani. Mwanao ndiye aliyeitoa. Wangu aliisambaza tu. Hapo hakuna fidia ya msichana, Sayid, hapo ni sare."

Niliona wazee wetu wakitikisa vichwa. Ilikuwa kweli. Tabarak alikuwa ameshanusurika, ningeweza kunyamaza, na Mungu anajua nilitamani kunyamaza. Lakini nilikuwa nimeahidi.

"Mpaka mwisho," nilisema.

"Dada, tumeshinda."

"Ombi lilikuwa mpaka mwisho."

"Ni kweli," alisema Sayid Talib, akijifuta damu ya Hammudi kwa leso. "Ndivyo lilivyopewa."

Chasib akasoma, haraka sasa, apate kumaliza. Wavulana walikuwa wanamdhihaki Muntadhar. Wewe umemweka wa mwenzio hadharani, wako umemficha. Dada yako ni malkia? Mwoga. Mweke tumwone. Muntadhar alijibu kwamba yeye si mwoga. Wakacheza. Akashindwa.

"Ameandika," alisoma Chasib. "'Haya huyo, Tabarak, nimempiga picha sasa hivi. Msicheke, mzee yupo hapohapo...'"

Akanyamaza.

Nilikuwa karibu naye, nilikiona kioo. Tabarak amesimama zuliani kwetu, nywele zimeshuka mabegani, uso umechoka, anangoja. Na pembeni ya picha, karibu kabisa, kuna mkono wa mwanamume aliyekaa, kiganja kimeshika simu ya kike yenye ua nyuma. Mkono wa Chasib. Ilipigwa wakati anampekua. Yeye anatafuta kosa kwenye simu ya binti, na mwanawe amesimama nyuma ya bega lake anamuuza.

Wanaume walingoja. Kutoka mahali alipokaa, Mizhir aliuliza, "Mbona umenyamaza?"

Chasib aliiweka simu chini polepole. Akanyoosha mkono kando ya makaa, akachukua mchi wa kinu cha kahawa, ule wa shaba, mzito kama mguu wa mtoto, na kabla yeyote hajaelewa alikuwa ameshaushusha. Alilenga kichwa. Muntadhar aliinama, ukampata mfupa wa bega. Ulilia kama ukuni mkavu. Mtoto hakupiga kelele, alifungua tu mdomo. Chasib aliunyanyua tena, na uso wake haukuwa uso wa mtu ninayemjua. Nilimrukia miguu nikaikumbatia. Alinikanyaga mkono, akainua mchi juu zaidi. Ulishuka.

Haukufika. Mizhir alikuwa ameruka makaa, ameweka mkono wake mwenyewe juu ya kichwa cha Muntadhar, na mchi ukaupiga ule mkono, ukauvunja kati ya kiwiko na kifundo. Madele yalipinduka, kahawa ikafuka mvuke. Mizhir alimwangukia mtoto akamfunika kwa mwili wake mpana.

"Toka juu ya mwanangu," alisema Chasib.

"Nipige na mgongo kama hujaridhika."

"Toka. Namuua."

"Najua. Nami nilifanya hivyohivyo." Mizhir alikuwa anahema, jasho linamtoka, mkono wake umepinda pasipopindika. "Walinionyesha picha, sikuuliza nani kaitoa. Nilichukua waya wa umeme, nikampiga Shahad kuanzia adhuhuri mpaka giza. Jicho lake moja limekwisha, Baba Muntadhar. Anakaa kona ya chumba, nikiingia anajikunja. Na huyu aliyeitoa," akaelekeza kidevu kwa Hammudi aliyelala kifudifudi kwenye damu yake, "huyu alikuwa ananishikia taa nione vizuri."

Mchi ulibaki hewani. Kisha Chasib akaushusha, akakaa chini palepale kwenye kahawa iliyomwagika, akaanza kujipiga kifua kwa ngumi, kimyakimya, pigo baada ya pigo, mpaka Sayid akamshika mikono.

Tabarak hakuombwa tena. Hakuna aliyetangaza, jambo lilikufa lenyewe. Mizhir aliomba kikombe cha kahawa, akaambiwa imemwagika yote, akasema basi maji, akanywa maji. Watu walichukua bunduki zao mlangoni bila kuagana, kila mmoja akimtafuta mwanawe.

Nilirudi nyumbani mbele ya wanaume, vidole vyangu vimevimba vimekuwa kama mabilinganya. Tabarak alikuwa amekaa kizingitini.

"Walisoma mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho." Nilimtazama. "Ulijua upo humo. Ulijua jina lako litasikika mbele ya wote."

"Wangekatiza kwa Hammudi, baba angerudi mshindi," alisema. "Angerudi, angekaa palepale, angeniambia lete simu."

Nilimwekea mkono wangu mzima begani, akauacha.

Chasib aliingia baada ya Magharibi. Alikuwa ametoka hospitali, amemwacha Muntadhar wodi ya jirani na ya mama yake, bega limefungwa. Kanzu yake ilikuwa na madoa ya kahawa na damu. Alisimama zuliani kama mgeni asiyejua akae wapi.

"Binti yangu," alisema.

Tabarak aliinuka. Alikwenda kwenye ndoano ya mlangoni, akachukua mtandio wake wa kutokea, akajifunika nywele zote, akaubana chini ya kidevu vizuri kama anavyojifunga akienda chuo. Ndipo akageuka.

"Naam, baba," alisema.

Chasib alielewa. Nilimwona anaelewa, akaegemea ukuta uliokuwa na matundu ya risasi. Mwaka umepita, mguu wa Naima umepona kwa kuchechemea, Muntadhar amerudi, simu hana, na baba yake humwuliza kila siku alikuwa wapi na nani. Tabarak anapika, anacheka na mama yake, anamsahihishia nduguye hesabu zake. Ila ndani ya nyumba ile, awe jikoni, awe mezani, awe anaumwa amelala, hajafunua kichwa tena.